Kutu Si Kibali: Bastola za Kale kati ya Sheria, Soko na Kumbukumbu

Agosti 2021, nyumba ya mnada ya Bonhams iliuza mjini Los Angeles bastola moja ya Colt kwa zaidi ya dola milioni 6. Ndiyo bastola ambayo Pat Garrett alimuulia jambazi kijana Billy the Kid mwaka 1881. Habari ilienea duniani, na kila ilikofika iliacha fikra mbili. Ya kwanza, kwamba chuma cha zamani ni hazina. Ya pili, kwamba bunduki ikishazeeka vya kutosha huacha kuwa bunduki. Fikra ya kwanza ina chembe ya ukweli. Ya pili inaweza kumfikisha mtu mahakamani, na zaidi akiwa mkazi wa mahali kama Cyanzarwe.

Cyanzarwe ni sekta ya wilaya ya Rubavu, nje kidogo ya mji wa Gisenyi, kwenye udongo mweusi wa volkano unaootesha viazi, mpakani kabisa na Kongo. Udongo huo umekanyagwa na majeshi mengi. Wajerumani na Wabelgiji walitazamana hapa kwa mitutu kuanzia 1914 hadi 1916. Julai 1994 jeshi la serikali lililoshindwa vita lilivuka kwenda Goma pamoja na mamia ya maelfu ya watu. Miaka ya 1997 na 1998 vita vya waasi, abacengezi, viliitesa kaskazini-magharibi yote. Januari 2025, Goma ilipoangukia mikononi mwa waasi wa M23, makombora yalianguka Rubavu na kuua watu. Jembe likigonga chuma mahali kama hapa, mwenye shamba hupata maswali mawili kwa mpigo: hii ni mali, au ni kesi?

Mkanganyiko huanzia kwenye maneno. Watu hutumia "ya kale", "mbovu", "ya urithi" na "halali" kana kwamba ni neno moja. Silaha inaweza kuwa ya kale na bado ikaua. Inaweza kuwa mbovu bila kuwa na thamani yoyote ya urithi. Inaweza pia kuwa urithi wa taifa zima na hapo hapo kuwa haramu mikononi mwa aliyeiokota. Mfano mzuri wa kupimia haya ni bastola za Marekani za karne ya 19 zinazotumia risasi za ganda, kwa sababu ndizo zinazotafutwa na wakusanyaji wengi, ndizo zinazoigizwa katika filamu, na ndizo zinazovuruga sheria za nchi nyingi.

Ganda lililobadili silaha

Kabla ya katikati ya karne ya 19, bastola ya silinda ilijazwa kwa mkono: baruti, risasi, kisha fataki nyuma ya kila tundu. Kazi ya dakika kadhaa, na mvua ilitosha kuiharibu. Mmarekani Rollin White, aliyewahi kufanya kazi kwa Colt, alipata hataza Aprili 1855 ya silinda iliyotobolewa moja kwa moja kutoka mbele hadi nyuma, ili risasi nzima iingizwe kwa nyuma. Horace Smith na Daniel Wesson ndio walioinunua haki ya kuitumia, wakimlipa White senti 25 kwa kila bastola, na kwa ujanja wakamwachia yeye mzigo wa kuitetea hataza mahakamani. Mwaka 1857 wakatoa bastola yao ya kwanza, ndogo, ya risasi ya .22.

Kwa miaka 12 hakuna kiwanda kingine Marekani kilichoweza kutengeneza bastola ya namna hiyo kihalali. White alitumia muda na fedha nyingi kwenye kesi, na alipoliomba Bunge la Marekani limwongezee muda, Rais Grant alilipinga jambo hilo mwaka 1870. Hataza ilikuwa imekwisha 1869. Mlango ukafunguka: Smith & Wesson wakatoa Model 3 mwaka 1870, bastola iliyonunuliwa kwa wingi na Urusi, na Colt wakatoa Single Action Army mwaka 1873. Ulaya nako viwanda vya Liège, Ubelgiji, vilianza kufyatua nakala kama matofali.

Nimekaa kidogo kwenye hadithi ya White kwa sababu ndiyo inayoeleza kwa nini miaka ya 1870 hadi 1898 imekuwa dhahabu kwa wakusanyaji. Ni kipindi kifupi, chenye mabadiliko mengi ya ufundi, na silaha zake zina namba za mfululizo zinazoweza kufuatiliwa. Colt na Smith & Wesson wametunza daftari za zamani za usafirishaji; mwenye bastola anaweza kuandikiwa barua inayosema ilitoka kiwandani lini na ilipelekwa wapi. Bastola ya Garrett isingeuzwa kwa mamilioni bila karatasi. Chuma chenyewe kilikuwa sehemu ndogo ya bei.

Njia za kuja huku

Silaha za Marekani zilifika Afrika Mashariki mapema kuliko wengi wanavyodhani, na zilipitia Zanzibar. Mkataba wa Sayyid Said na Marekani wa Septemba 1833 uliwafungulia biashara mabaharia wa Salem, wale wale walioleta kitambaa tunachokiita merikani hadi leo. Mkataba huo uliigusa bunduki kwa jina: kisiwani Zanzibar, bunduki, baruti na risasi zingeuzwa kwa serikali peke yake. Mwaka 1840 meli ya Sultana, chini ya nahodha Ahmad bin Na'aman, ilitia nanga New York, na miongoni mwa zawadi zilizorudi nayo kwa Sayyid zilikuwamo silaha za Colt za kupiga mfululizo. Zilikuwa za fataki, kwa kuwa enzi ya ganda ilikuwa bado.

Mwaka 1871 Henry Morton Stanley aliondoka Bagamoyo kumtafuta Livingstone akiwa na shehena aliyoiorodhesha mwenyewe: Winchester moja, Henry moja, bunduki kadhaa za kujazwa nyuma, bastola mbili za silinda za kujazwa nyuma, na bunduki 24 za gumegume kwa ajili ya askari wake. Uwiano huo una maana. Silaha mpya ni za mzungu, za zamani ni za wapagazi na askari.

Uwiano huo uligeuzwa kuwa sheria. Mkataba wa Brussels wa Julai 1890 ulizuia kuingiza silaha za kisasa na risasi zake katika eneo lote la Afrika kati ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini. Gumegume za kawaida ziliruhusiwa kuuzwa. Bastola ya risasi za ganda iliweza kuingia kwa kibali cha jina, baada ya kuandikishwa na kupigwa mhuri, kwa msafiri aliyedhaminiwa na serikali yake kwamba ni ya kujilinda tu. Kwa hiyo bastola ya enzi hiyo iliyofika Maziwa Makuu kihalali ilikuwa na mwenyewe aliyejulikana: afisa, mmisionari, mpelelezi, mfanyabiashara. Hilo ni jambo adimu katika historia ya silaha, na mkusanyaji wa kweli analitambua haraka.

Rwanda ilichelewa kufikiwa na misafara ya pwani. Gustav Adolf von Götzen aliivuka mwaka 1894, akakutana na Mwami Kigeli IV Rwabugiri, akapanda Nyiragongo na kufika ziwa Kivu, yaani alipita kwenye nchi hii hii ya vilima vya Rubavu. Miaka miwili baadaye, huko Shangi kusini mwa ziwa, jeshi la Rwanda lilishindwa na kikosi cha Dola Huru ya Kongo kilichokuwa na bunduki. Wajerumani wakaweka kituo cha kijeshi Gisenyi. Kuanzia Septemba 1914, walipokiteka kisiwa cha Ijwi, hadi Wabelgiji walipoingia Mei 1916, mpaka huu ulikuwa mstari wa mapigano. Wajerumani, chini ya kamanda Max Wintgens, walishika bunduki za Mauser. Upande wa pili Force Publique, jeshi la kikoloni la Kongo, walikuwa bado na bunduki za Albini za zamani pamoja na bunduki mpya.

Kwa maneno mengine, chuma cha zamani cha Cyanzarwe kina uwezekano mkubwa wa kuwa cha Kijerumani au cha Kibelgiji. Hapa ndipo watu wengi hudanganyika. Mafundi wa Liège walinakili bastola za Marekani kwa maelfu na kuandika juu ya mtutu jina la risasi inayofaa, kwa mfano Smith & Wesson na namba ya kipimo. Anayesoma haraka huona jina la kiwanda, ilhali ni jina la risasi. Shahidi wa kweli ni mhuri mdogo wa ukaguzi wa Liège: herufi ELG na nyota ndani ya duara la yai. Taji likiwa juu yake, mhuri ni wa baada ya 1893. Herufi hizo tatu zimefuta ndoto nyingi za utajiri.

Mwaka au kiasi?

Nchi zilizojaribu kutenga silaha za kale zimetumia vipimo viwili. Marekani ilichagua mwaka. Sheria ya 1968 inasema silaha iliyotengenezwa 1898 au kabla ni ya kale, na sheria ya shirikisho huiacha nje ya masharti mengi ya bunduki. Ni kipimo rahisi: namba ya mfululizo ikionesha mwaka, hoja imekwisha. Udhaifu wake ni kwamba mwaka hausemi chochote kuhusu uwezo wa kuua. Colt ya 1880 ya risasi ya .45 inapiga risasi zinazouzwa dukani leo.

Uingereza ilichagua risasi. Bastola ya zamani iliachwa huru ikiwa risasi yake haitengenezwi tena na mwenyewe anaiweka kama pambo au kumbukumbu. Colt ile ile ya .45 ambayo Mmarekani huipokea kwa posta, Uingereza ni bastola iliyopigwa marufuku. Hoja ya Waingereza ilionekana ya busara mpaka wahalifu walipoigundua. Mwaka 2017 mfanyabiashara wa silaha wa Gloucestershire alihukumiwa miaka 30 kwa kuwapatia magenge bastola za kale na risasi alizowatengenezea. Machi 2021 serikali ikaondoa aina saba za risasi kwenye orodha, zikiwamo .44 Russian na .41 Colt za Kimarekani, pamoja na 10.6 mm ya Kijerumani, ambayo ndiyo risasi ya bastola ya jeshi la Ujerumani ya mwaka 1879. Watu waliolala na pambo waliamka na silaha. Ubelgiji nayo, nyumbani kwa Liège, ilibana mwaka 2013 orodha yake ya silaha za kihistoria.

Itifaki ya Umoja wa Mataifa kuhusu silaha ya 2001 iliacha kila nchi ijitungie tafsiri, ikaweka ukomo mmoja: hakuna silaha iliyotengenezwa baada ya 1899 inayoweza kuitwa ya kale. Ukomo huo ni dari tu. Hauilazimishi nchi yoyote kuziachia huru zilizo chini yake, ingawa mara nyingi husimuliwa kana kwamba unailazimisha.

Ajabu ni kwamba Kiswahili kilikuwa na kipimo chake kabla ya itifaki hizi zote. Wazee wa pwani hawakuuliza bunduki ni ya mwaka gani. Walitaja inavyowaka: bunduki ya mrao, yenye utambi, ya gumegume, yenye jiwe, ya fataki, na ya viasi, yaani ya risasi za ganda. Mgawanyo huo unalenga pale pale palipowashinda Wamarekani. Bastola ya viasi ni ndugu wa bastola ya leo, hata ikiwa na miaka 140. Kuna ushahidi wa karibu. Risasi ya .38 ya Smith & Wesson ya miaka ya 1870 ndiyo mama wa risasi ya .38 iliyochukuliwa na jeshi la Uingereza kwa bastola za Enfield na Webley, zile zilizobebwa na polisi wa kikoloni Kenya, Uganda na Tanganyika. Risasi ya .32 ndefu ya Smith & Wesson, ya 1896, bado ndiyo chakula cha bastola zinazotengenezwa na viwanda vya serikali ya India. Chuma kinaweza kuwa kimezeeka na chakula chake kikawa kibichi.

Nisiutukuze mno mgawanyo huo wa wazee, hata hivyo. Gobore linajazwa kwa mdomo wa mtutu, kwa ufundi wa karne zilizopita, na wahunzi wa Tanzania wanalitengeneza hadi leo. Majangili wanalitumia, na polisi hulitaja kila wanapotangaza muda wa kusalimisha silaha. Namna ya kuwaka hupunguza hatari. Haiiondoi.

Hoja ya tanuru

Msimamo wa kwanza ni wa vyombo vya usalama: silaha ni silaha, isalimishwe, iteketezwe. Una nguvu kubwa katika eneo letu. Nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika, Rwanda ikiwamo, zilitia saini Itifaki ya Nairobi Aprili 2004, zikazaa shirika la RECSA lenye makao Nairobi, na zikakubaliana kuziandika silaha kwa alama, kuzidhibiti na kuziteketeza zilizozidi. Kenya ilichoma silaha 5,250 huko Ngong Novemba 2016, na 5,144 nyingine Juni 2021. Nchini Rwanda raia hashiki bunduki bila kibali, na anayeikuta hutakiwa kuitaarifu mamlaka.

Nguvu ya msimamo huu ni wepesi wake. Polisi wa sekta hahitaji kujua Colt na nakala ya Liège zinatofautianaje. Haombwi kupima kutu. Mkazi naye hahitaji mwanasheria; anajua la kufanya saa ile ile. Mahali ambapo mpaka unavukwa na maelfu ya watu kila siku na vita viko upande wa pili wa uzio, wepesi huo unaokoa maisha. Sheria yenye matundu mengi ingetumiwa kwanza na wenye nia mbaya, wanaosoma sheria kuliko wakulima.

Udhaifu wake ni kwamba tanuru halina macho. Bastola yenye mhuri wa 1890 na AK-47 ya juzi huyeyuka sufuria moja, isipokuwa mtu mwenye ujuzi awe ameketi nazo kabla ya moto. Na silaha ya wakati wa ukoloni ni hati: namba, mhuri, alama ya kikosi, ukarabati wa mhunzi wa kienyeji kwenye kitako. Historia ya namna Rwanda ilivyotawaliwa imeandikwa zaidi na waliokuwa na bunduki kuliko na waliolengwa nazo. Kuzichoma bila kuziandika ni kuwaachia wale wale kalamu. Kuna udhaifu mwingine wa chini kwa chini: mtu akiamini kwamba kitu cha babu yake kitachomwa, hukirudisha darini na kunyamaza. Serikali hukosa silaha na kumbukumbu kwa pamoja.

Hoja ya mkusanyaji

Msimamo wa pili unasema raia mwenye kibali aruhusiwe kukusanya. Watetezi wake wana jambo la kusema. Mengi tunayoyajua kuhusu bastola za karne ya 19, aina zake ndogo ndogo, namba zake na makosa ya viwanda, yaligunduliwa na watu binafsi waliotumia usiku na mishahara yao. Wanajua kwamba kutu ya kahawia iliyotulia haisuguliwi kwa msasa, kwamba skrubu iliyoharibiwa na bisibisi ya haraka imepunguza thamani, kwamba namba za mwili na silinda lazima zilingane. Makumbusho machache ya Afrika yana mtaalamu wa namna hiyo kwenye orodha ya mishahara.

Lakini msimamo huu ulikulia kwenye nchi zenye polisi wa kutosha, bima, kabati za chuma na soko la wazi. Ukiuhamishia mpakani Rubavu, mambo matatu hubadilika. Kwanza, soko huzaa wachimbaji. Bei ikitangazwa, watu watachimba mahandaki ya 1916, na katika udongo ule bastola hailali peke yake. Kuna mabomu ya vita vya baadaye. Pili, mpaka. Kongo ina sheria yake ya silaha ya 1985 na iko chini ya vikwazo vya silaha vya Umoja wa Mataifa tangu 2003, kwa hiyo bastola ikihamishwa kilomita chache hubeba kosa la nchi mbili. Tatu, hadithi za uongo. Mahali penye Götzen na Stanley katika vitabu, kila bastola itauzwa kuwa ya Götzen au ya Stanley.

Na hesabu yenyewe ya fedha haisimami. Bei za ajabu tunazozisikia ni za vitu vichache vyenye karatasi za ushahidi na hali nzuri. Nakala ya Liège iliyoliwa na udongo wa volkano haina kimoja wala kingine. Mnadani Ulaya ni kitu cha kawaida sana. Anayeificha akisubiri tajiri anabeba hatari ya kifungo kwa ajili ya kitu ambacho tajiri hakitaki.

Kuilemaza, kuigeuza, kuitunza

Kati ya pande hizo mbili kuna njia za katikati, nazo zina gharama zake. Njia inayotajwa sana ni kuilemaza silaha: mtutu uzibwe, silinda itobolewe, sehemu zichomelewe. Ulaya ilijifunza kwamba ulemazaji mbaya ni mchezo. Baadhi ya silaha zilizotumika katika mashambulizi ya Paris ya Januari 2015 ziliwahi kuuzwa Slovakia zikiwa zimelemazwa, kisha zikafufuliwa. Mwaka huo huo Umoja wa Ulaya ukaweka kanuni moja ya ulemazaji. Ulemazaji mzuri nao huharibu. Bastola iliyochomelewa ndani haiwezi tena kufunguliwa na mtafiti, na alama zilizofichika hupotea. Kwa silaha ya kawaida, hiyo ni bei nafuu. Kwa ile adimu, ni sawa na kugundisha kurasa za kitabu ili kisisomwe vibaya.

Msumbiji walichagua kugeuza. Kuanzia 1995, chini ya Baraza la Kikristo na Askofu Dinis Sengulane, watu walisalimisha silaha na kupewa majembe, baiskeli na cherehani, na wasanii wakazikata vipande na kuunda sanaa. Kiti cha enzi kilichoundwa na msanii Kester mwaka 2001 kiko katika Makumbusho ya Uingereza. Mradi ule ulijibu swali la kusalimisha kuliko mwingine wowote, kwa sababu aliyeleta bunduki hakurudi mikono mitupu. Swali la urithi haukulijibu, wala haukukusudia. Bunduki zake nyingi zilikuwa za juzi, za vita vya wenyewe kwa wenyewe.

Rwanda ina msingi wa njia nyingine, ya kuitunza chini ya taifa. Kuna sheria ya urithi wa utamaduni ya 2016, kuna taasisi ya taifa ya urithi, RCHA, na kuna nyumba ya Richard Kandt mjini Kigali inayosimulia kipindi cha Wajerumani, ambako bastola ya 1916 yenye asili inayojulikana ingekuwa na mahali pa kukaa na jambo la kusema. Gharama yake ni ya kawaida ya makumbusho yote: stoo salama, mtunzaji anayejua chuma, daftari lisilopotea. Stoo dhaifu ya makumbusho ni ghala la silaha lenye kufuli hafifu. Zanzibar, Beit al-Ajaib ilipoporomoka Desemba 2020, ilitukumbusha kwamba hata jengo mashuhuri halijilindi lenyewe.

Kuzipima hoja

Nikiziweka mizani, msimamo wa mkusanyaji binafsi ndio unaoanguka kwanza kwa eneo kama Cyanzarwe. Sababu yangu haihusu wakusanyaji wenyewe. Masharti yanayowafanya wasiwe hatari kwingineko, yaani risasi zilizotoweka, mipaka tulivu na polisi wa kukagua kabati, hayapo hapa, na Uingereza imeonesha kwamba hata huko yanaweza kuyeyuka. Kipimo cha mwaka nacho hakifai. Mwaka 1899 ni mstari wa makaratasi. Bastola ya viasi haiujui.

Msimamo wa tanuru ndio sahihi kama kanuni ya kuanzia, na ningependa ubaki hivyo: kila silaha inayopatikana iende kwa mamlaka, bila ubaguzi wa umri, bila mwokotaji kupewa kazi ya kuamua. Kosa lake liko katika hatua inayofuata. Kati ya mkono wa polisi na moto pawe na jicho moja la kuangalia. Halihitaji bajeti kubwa. Silaha zenye silinda, zenye mitutu mirefu ya aina ya Mauser au Albini, zenye mihuri ya Liège au ya jeshi la Kaisari, si nyingi kiasi cha kumshinda mtaalamu mmoja wa makumbusho anayeitwa kabla ya kila uteketezaji. Nyingi atazipiga picha, ataandika namba na kuziacha ziendelee kwenye tanuru. Chache zenye asili inayothibitika atazidai kwa niaba ya taifa, zitolewe pini ya kufyatulia, na pini hiyo ihifadhiwe kando na mwili, badala ya silaha kuchomelewa. Risasi hazihifadhiwi hata moja. Za 1916 zina baruti isiyotabirika, na hazina la kumwambia mtazamaji ambalo ganda tupu haliwezi kusema.

Watetezi wa usalama watajibu kwamba kila ubaguzi ni mwanya. Ni kweli, na ndiyo sababu ubaguzi huu hauanzii kwa raia. Aliyeokota hana cha kuchagua wala cha kuuza. Anachopata ni kitu ambacho hakuna msimamo wala njia yoyote kati ya hizo inayompa sasa: jina lake kwenye kadi, akitaka liandikwe. Ninaliona hilo kuwa muhimu kuliko linavyosikika, maana katika urithi wa chuma mahali kilipopatikana ni nusu ya thamani. Kadi yenye jina la kilima, kina cha shimo, vitu vilivyokuwa pembeni, na alichokumbuka bibi kizee wa jirani kuhusu mahandaki, ndiyo barua ya kiwanda ambayo bastola ya Liège haikuwahi kuwa nayo.

Kwa hiyo mkulima wa Cyanzarwe aliyegonga chuma asikisugue, asikifungue, asikibebe hadi sokoni kuulizia bei. Aweke alama shambani, awazuie watoto wasisogee, amwite kiongozi wa kijiji. Swali la kama ni Colt au nakala, la 1880 au la 1910, litajibiwa na mwingine mezani, chini ya taa, herufi ELG ikionekana au isionekane.